Sinki la bafuni liwe juu kiasi gani: aina za kununua, kuanzia iliyo bora

Anayenawa uso asubuhi akiwa amepinda mgongo kama anapalilia, na anayenawa mikono huku maji yanamtiririkia hadi kiwikoni, wana tatizo moja. Sinki lilichaguliwa kwa umbo na rangi, kimo kikaachwa kiamuliwe na fundi siku ya kufunga. Koki ikikuchosha utaibadilisha kwa nusu saa. Kimo kikikosewa utavunja vigae. Kwa hiyo kwenye ukarabati wa bafu, kimo ndicho kitu cha kwanza kuamua, na aina ya sinki ifuate baadaye.

Pima kiwiko chako kwanza

Kipimo cha kujali ni ukingo wa sinki, yaani sehemu mkono unapopita kuingia ndani, kuhesabia kutoka sakafu iliyokwisha kuwekwa vigae. Meza iliyobeba sinki ni habari nyingine, na kuchanganya hivi viwili ndiko kunakoleta makosa mengi.

Masinki mengi ya zamani ukingo wake uko sentimita 76 hadi 81. Watu wazima wengi wanastarehe kati ya 85 na 90, karibu sawa na meza ya jikoni. Ila usichukue wastani wakati una mwili wako hapo hapo wa kupima. Simama wima, vaa ndala unazovaa bafuni, kunja mkono kiwiko kifanye pembe mraba, kisha mwenzako apime kwa futi kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Toa sentimita 15 hadi 20. Mtu wa sentimita 165 kiwiko chake huwa karibu 104, hivyo ukingo wake ni 84 hadi 89. Wa sentimita 155 ataangukia 78 hadi 83, na wa 178 atahitaji 92 au zaidi.

Sababu ya kutoa hizo sentimita ni kwamba viganja lazima viwe chini ya kiwiko ili maji yateremkie kwenye vidole. Ukingo ukikaribia kiwiko, maji yanarudi nyuma na mikono ya shati inalowa. Ukishuka sana, kiuno ndicho kinacholipa.

Kama nyumba ina mrefu na mfupi, chukua katikati na uelemee kidogo kwa mrefu, kwa sababu sentimita 3 za ziada mfupi huzizoea, ila kuinama kila siku hakuzoeleki. Mfupi akiwa mzee, elemea kwake. Watoto wasikushushie sinki: kigoda imara cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha, na baada ya miaka michache hawatakihitaji.

Kabla ya kulipa, jaribu. Panga matofali au ndoo zilizopinduliwa, weka ubao, juu yake karai, mpaka ukingo wa karai ufikie kipimo ulichopata. Nawa uso kweli, piga mswaki, tema. Ongeza au punguza sentimita 2 na urudie. Dakika kumi hizi zinakuambia mengi kuliko picha za dukani.

Nambari 1: kabati la kutundika ukutani

Hili ndilo tunalolipendekeza kwa bafu la wenye nyumba. Halina miguu, kwa hiyo kimo unakipanga wewe na si kiwanda. Faida ya pili watu huisahau: chini pako wazi, vidole vya miguu vinaingia ndani, unasogea karibu na bakuli. Kuinama hakuletwi na kimo pekee. Ukizuiwa kusimama karibu, utainama hata kama ukingo uko mahali pake. Kwa sababu hiyo angalia pia umbali kutoka ukingo wa mbele wa meza hadi bakuli linapoanzia. Ukizidi sentimita 8, tafuta jingine.

Udhaifu wake ni ukuta. Fanya hesabu: graniti ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa takriban kilo 54 kwa mita ya mraba, hivyo kipande cha sentimita 100 kwa 50 ni kilo 27. Ongeza sinki la kauri, kabati lenyewe, vitu vya ndani, kisha mtu anayeegemea kwa mikono miwili. Ukuta wa zege au tofali nzima utabeba kwa bolti za milimita 10. Tofali lenye matundu halibebi hivi hivi, maana bolti inashika ganda jembamba tu na baada ya miezi kabati linaanza kuinamia mbele, silikoni inachanika, maji yanapenya nyuma. Hapo mwashi atoboe, ajaze zege kwenye matundu penye bolti na asubiri likauke vizuri, au apitishe nondo yenye nati upande wa pili wa ukuta pamoja na bamba la chuma. Ukuta wa jipsamu usiutundikie kabisa bila fremu ya mbao au chuma ndani yake.

Kwa nyumba za pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, bolti na vishikizo viwe vya chuma kisichoshika kutu. Vya kawaida vinaliwa na chumvi ya hewani, na kwa kuwa vimejificha nyuma ya kabati huoni mpaka vikatike.

Nambari 2: sinki tupu la kutundika

Halina kabati, bei yake ni ndogo, na kimo nacho unakichagua. Linafaa choo cha wageni, nyumba ya kupangisha, na bafu dogo ambalo kabati lingeziba njia. Kama mabomba yanayoonekana yanakukera, nunua lenye nusu mguu, kile kipande cha kauri kinachofunika trapu (bomba lililopinda chini ya sinki, linalobaki na maji ya kuzuia harufu) bila kugusa sakafu. Usilichanganye na sinki la mguu mzima, ambalo tumeliweka mwisho kabisa.

Hili pia ndilo chaguo la anayetumia kiti cha magurudumu. Vipimo vya sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ADA, ni mwongozo mzuri popote: ukingo usizidi sentimita 86, na chini yake pabaki uwazi wa angalau sentimita 68 na nusu ili magoti yaingie. Trapu isogezwe nyuma karibu na ukuta, na bomba la maji ya moto lifunikwe lisimchome mtu asiyehisi vizuri miguuni.

Nambari 3: meza ya zege au matofali yenye graniti

Kwetu hii ni ya kawaida sana. Mwashi anajenga vikuta viwili, anamwaga bamba la zege, juu yake graniti au vigae, na seremala anaweka milango. Ni imara na unapata kimo chochote. Tumeishusha hadi ya tatu kwa sababu ikikosewa hairekebishiki, na hukosewa kwa njia mbili zinazojirudia.

Ya kwanza ni unene. Mwashi akiambiwa "sentimita 85" anajenga vikuta hadi 85, kisha anaongeza zege la sentimita 7, gundi na graniti ya 2. Unaishia na 95. Mpe kipimo cha kichwa cha ukuta, usimpe cha juu ya graniti: kwa ukingo wa 87, vikuta viishie karibu 77 kutoka sakafu iliyokamilika. Sinki la kufungwa chini ya graniti haliongezi kitu. La kudumbukiza kutoka juu linaongeza sentimita 1 au 2 za mdomo wake.

Ya pili ni vidole vya miguu. Milango ikishuka hadi sakafuni ikiwa sawasawa na meza, utasimama mbali na utainama. Dai upenyo chini ya milango, sentimita 10 kwenda juu na 6 kwenda ndani.

Nambari 4: kabati la kusimama, la dukani

Unalikuta tayari Kariakoo au kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi mji wowote, likiwa na sinki na mara nyingi kioo. Soma vipimo kwa makini, kwani kimo kinachoandikwa wakati mwingine ni cha kabati bila sinki. Yanayotoka Marekani huandikwa kwa inchi: 32 ni sentimita 81, 34 ni 86, 36 ni 91.

Mengi ni ya bodi ya MDF, yaani nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, na MDF ikinyonya maji inavimba kama mkate, kuanzia chini linapogusa sakafu inayopigwa deki. Dawa yake inatibu na kimo kwa pamoja: jenga kitako cha zege cha sentimita 5 hadi 8, kivishe vigae, kabati likae juu yake. Kabati la 80 linakuwa 86 na halilowi. Kitako kirudi nyuma ya mlango sentimita 6, miguu ipate nafasi. Ukiwa na muda, peleka vipimo kwa maseremala, kwa Dar es Salaam mfano Keko, wakutengenezee la mtiki au plaiwudi inayostahimili maji kwa kimo chako.

Nambari 5: bakuli lililokaa juu ya meza

Ni zuri kwa macho, na hesabu yake inawaponyoka wengi. Bakuli lenyewe lina sentimita 12 hadi 15. Ukiliweka juu ya meza ya 85, ukingo unafika 99, na kwa mtu yule wa 165 zimebaki sentimita 5 tu chini ya kiwiko. Ukilitaka, meza iwe 70 hadi 74. Maana yake kabati la kawaida la dukani halifai, lazima litengenezwe. Koki nayo iwe ndefu, mdomo wake upite ukingo kwa sentimita 8 au zaidi, na maji yaangukie karibu na tundu. Bakuli jembamba lenye koki ndefu na presha kubwa hurusha maji hadi tumboni. Kwa choo cha wageni sawa. Kwa bafu la familia hatulipendekezi.

Nambari 6: sinki la mguu mzima

Mguu ni wa kauri, haukatiki wala haurefuki. Ukinunua la 80 una la 80. Kuliinulia kitako kunawezekana lakini huonekana kiraka. Wengi huamini mguu ndio unaobeba; kwa kweli sinki lazima lishikwe na skrubu za ukutani, na fundi asipozifunga, mzee akiegemea linaweza kuanguka naye. Linunue tu kama kimo chake, dukani pale pale ukiwa na futi, kinalingana na hesabu ya kiwiko chako.

Mabomba na sakafu

Ukichagua kimo kipya, tundu la majitaka ukutani linaamua kama kitawezekana. Kwa ukingo wa 85 hadi 90, katikati ya tundu hilo paweko sentimita 50 hadi 55 kutoka sakafu iliyokamilika, na koki ndogo za ukutani za maji safi ziwe 55 hadi 60, zikiachana sentimita 15 hadi 20. Tundu la zamani likiwa chini zaidi, si tatizo: fundi bomba ataongeza kipande cha bomba la kushukia juu ya trapu. Likiwa juu kuliko mdomo wa trapu, maji yatatuama bombani, na kama trapu haiwezi kupandishwa, hakuna ujanja ila kuvunja ukuta na kulishusha. Bomba la ndani ya ukuta literemke sentimita 2 kwa kila mita. Trapu ya bomba la kukunjika, lile la mikunjo ya plastiki, likatae, kwani linashika nywele na sabuni, na fundi akilinyoosha linapoteza maji yanayozuia harufu.

Sakafu ni mtego mwingine. Fundi bomba hupima akiwa amesimama juu ya zege tupu, kisha anakuja fundi vigae na saruji ya kusawazisha sentimita 3 hadi 5 pamoja na kigae. Sinki la 86 limekuwa la 81 bila mtu kuligusa. Kubandika vigae vipya juu ya vya zamani nako kunakula sentimita 1 na nusu. Kabla ya kazi kuanza, chora kwa pimamaji mstari wa mita moja juu ya sakafu itakayokamilika, kuzunguka kuta zote za bafu, na kila fundi apime kushuka kutoka hapo.

Kama nyumbani mnatawadha, usilazimishe sinki lifanye kazi ya miguu. Kuinua mguu juu ya ukingo wa 87 kwenye sakafu yenye maji ni kuteleza, na masinki hung'oka hivyo. Mwambie fundi bomba atoe koki ya pili usawa wa goti, karibu na tundu la sakafu, wakati ukuta bado uko wazi, na kando yake kiti cha kujengwa cha sentimita 40 hadi 45.

Kioo kiwekwe mwisho, kimo cha sinki kikishathibitika: ukingo wake wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 juu ya meza, na wa juu upite kichwa cha mrefu wa nyumba. Kisha kabla ya kupaka silikoni, ziba tundu, jaza bakuli, achia maji yote kwa mpigo na upitishe karatasi kavu ya chooni kwenye kila ungio chini. Karatasi ikilowa hata kidogo, kaza na urudie kujaza.