Basi la Usiku, Kampala hadi Juba: Nyota Tatu

Basi hili nimelipanda mara mbili, 2019 na mwezi uliopita. Mimi ni fundi wa kuchomelea kutoka Kitale. Kukitokea kazi ya mageti Juba, naitwa. Jina la kampuni nalihifadhi maana bado nitawaomba kiti.

Dereva nampa heko. Usiku mzima hakushindana na malori, na Kamdini, njiani kaskazini mwa Uganda, alitupa nusu saa kamili ya kula rolex ya moto, ile chapati ya kuviringwa na mayai. Kiti hakilali hata ukibembeleze. Alfajiri tukawa Elegu, mpakani upande wa Uganda.

Mara ile ya kwanza, pale Nimule, upande wa pili wa mpaka, nilitoa dola za viza, nikafika Juba sina hata ya chai. Safari hii pasipoti ilipigwa muhuri, nikavuka. Kondakta akajigamba: "Sisi ndio tunawapitisha haraka, bwana." Aka! Hiyo si kazi ya kampuni. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, na ilipofika 2021 ikawaondolea viza Wakenya na Waganda. Mgeni huyo amezoea nyumba upesi: Novemba 2023, kwenye kikao cha Arusha, rais wake Salva Kiir alikabidhiwa uenyekiti wa Jumuiya, na kikao hicho hicho kikaikubali Somalia. Wa juzi akawa wa kumpigia hodi.

Sasa shida. Boksi langu la vijiti vya kuchomelea nililipia Kampala, nikapewa risiti. Kufika Juba, wakala wao akataka tena pesa, eti "ushuru mpya wa mzigo, ndugu, tulaumu serikali." Risiti ya huo ushuru? Hana. Ni kweli 2024 Juba iliweka tozo mpya kwa malori, matangi ya mafuta yakakwama mpakani, hadi Umoja wa Mataifa ukasitisha kwa muda kudondosha chakula kwa ndege. Nchi ile ile iliyofungulia watu njia ndiyo iliyobana mizigo. Haina bandari, na kila inachokiamua pale Nimule dereva wa Mombasa anakisikia mfukoni. Lakini boksi langu si tangi la dizeli! Uamuzi mzuri wa Juba, hawa wa basi wanajipigia kifua, ule mchungu wanautumia kupandisha bei yao. Nyota mbili nimeziondoa hapo, na ya tatu nimeibakiza kwa ajili ya dereva tu.

Nimule hadi Juba ni lami, kilomita 192, na walipita mchana, jambo ninaloliunga mkono kabisa kwa jinsi madereva walivyowahi kushambuliwa njia ile. Ukikata tiketi, omba upande wa kushoto. Jua la asubuhi linapiga kulia na mapazia yameshachanika. Boksi lako lipakate mwenyewe.