Daftari la maombi la kila siku: nyota nne, na ile sehemu ya Hatua ndo imebeba kila kitu

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika kuhusu hili daftari la maombi, lile la jalada gumu lenye utepe wa kuwekea alama, kwa sababu kabla sijalichukua nilitafuta mtu aliyelitumia kweli kweli aniambie likoje ndani sikumpata, kila mtu anasema zuri sana limenibariki, basi kaishia hapo. Limekubariki wapi sasa, kwenye ukurasa gani? Kwa hiyo mimi ntaeleza kwa kirefu. Mwenye haraka asome hili tu: lichukue, lina kasoro mbili ambazo zimenikera na ntazisema, ila kuna kisanduku kidogo chini ya ukurasa kimeandikwa Hatua, hicho peke yake kinatosha kulichukua.

Lilivyopangwa ni hivi. Siku moja ni kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto juu kuna Shukrani, mistari mitatu, afu chini yake Ninaomba ambayo imepewa nafasi kubwa, afu Ninaowaombea yenye nafasi ya majina matatu tu. Mwanzoni hayo matatu niliyaona machache, sasa nayapenda, maana ukiwa na orodha ya watu arobaini unaishia kusema Bwana wakumbuke wote, ila watu watatu unaweza ukakaa nao, ukamwombea huyu mgonjwa kwa jina lake na dawa anazotumia na usiku wake asioweza kulala. Kulia kuna mstari wa Biblia, tafakari fupi, nafasi ya kuandika ulichosikia moyoni, na chini kabisa ndo hicho kisanduku. Tarehe haijachapwa, unaiandika mwenyewe, kwa hiyo ukipitisha siku mbili tatu hujajaziwa kurasa tupu za kukusuta. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kuna programu za simu zinakuhesabia siku mfululizo, ukikosa moja namba inarudi sifuri, na nimeona watu wanaacha kabisa kusali kwa utaratibu kwa sababu ya hiyo sifuri, wakati rehema zake Bwana ni mpya kila siku asubuhi, Maombolezo 3 inasema hivo wazi.

Sasa Hatua. Swali lililochapwa pale ni moja na halibadiliki: kutokana na ulichoomba leo, utafanya nini kabla jua halijazama? Basi. Mistari miwili ya kujibu.

Nielewe, sisi wengi tumelelewa kwenye maombi ya kukabidhi, unamkabidhi Bwana jambo halafu unaondoka, na ni kweli tunaambiwa tumtwike yeye fadhaa zetu zote. Lakini soma Nehemia taratibu uone. Yule alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, akapata habari kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, akakaa chini akalia akafunga akaomba, na ukihesabu kutoka mwezi wa Kisleu alipopata habari mpaka mwezi wa Nisani aliposimama mbele ya mfalme ni kama miezi minne hivi. Miezi minne ya maombi! Siku mfalme alipomuuliza unataka nini, Biblia inasema akamwomba Mungu wa mbinguni hapo hapo, sala ya moyoni ya sekunde chache, halafu akafungua mdomo, na angalia kilichotoka: akasema nataka ruhusa, akataja muda atakaokuwa hayupo, akaomba barua kwa maliwali, yani magavana, wa ng'ambo ya Mto Frati wampitishe, na barua nyingine kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme ampe miti ya milango na ya ukuta. Jina la mtunza msitu analo kichwani! Yani huyu mtu wakati analia na kufunga alikuwa pia anapanga mbao. Na baadaye maadui walipokuja juu, sura ya 4, anaandika kwamba walimwomba Mungu wao na wakaweka walinzi mchana na usiku, vyote viwili kwenye sentensi moja, na ukuta ukaisha siku 52. Mimi hiyo sentensi ya maombi na walinzi ndo naiona kila nikifika kwenye kile kisanduku, na tafakari za hili daftari wala hazimtaji Nehemia kwenye suala la Hatua, nashangaa kwa nini, angewafaa sana.

Nitoe mfano wangu ili mtu aelewe linavyofanya kazi. Kuna ndugu yangu tulikuwa hatuongei, mambo ya familia, na kwa muda mrefu jina lake lilikuwa kwenye maombi yangu, Bwana lainisha moyo wake, Bwana tupatanishe. Maombi mazuri kabisa. Sasa siku hiyo nimeandika hayo hayo upande wa kushoto, nimeshuka mpaka kisanduku, swali linaniangalia: utafanya nini kabla jua halijazama. Kalamu ikasimama. Maana jibu lilikuwa linajulikana, ni maneno mawili, mpigie simu, na kuyaandika tu ilikuwa kazi, nikakaa pale muda. Nikaandika. Jioni nikapiga. Akapokea, akanyamaza kidogo, akauliza watoto hawajambo? Tukaongea habari za watoto na mvua basi, ile ishu yenyewe hatukuigusa, lakini wiki iliyofuata alipiga yeye. Nilipoandika tarehe ya ile simu kwenye ukurasa machozi yalinitoka, nasema ukweli.

Kuna wiki nzima pia imetengwa kwa ujasiri, na hii imeandikwa na mtu anayejua hofu ni nini. Siku ya kwanza inakuambia andika jina la hofu yako, usiandike naogopa maisha, andika kitu chenyewe, naogopa majibu ya vipimo, naogopa kumwambia bosi hesabu hizi haziko sawa. Halafu wanakupeleka Yoshua 1 na wanaonesha kitu ambacho wengi tunapita haraka, kwamba kwenye ile sura neno la kuwa hodari na moyo wa ushujaa linarudiwa mara nne, mara tatu anaambiwa na Mungu mwenyewe na mara ya mwisho anaambiwa na watu anaowaongoza. Na Yoshua hakuwa mgeni wa vita jamani, huyu ndo aliyepigana na Amaleki wakati Musa kainua mikono mlimani, ndo alisimama na Kalebu kati ya wale wapelelezi kumi na wawili wakati wenzao kumi wanatetemeka. Mtu wa namna hiyo bado anaambiwa usiogope, tena na tena. Kwa hiyo ukiogopa usidhani imani yako imeisha, na hii tafakari inalisema kwa upole ambao mtu aliyechoka anauhitaji.

Siku nyingine ya hiyo wiki ni Matendo 4 na hapo nilifunga daftari nikatembea kidogo nje. Petro na Yohana wametishwa na baraza, wasinene tena kwa jina la Yesu, wamerudi kwa wenzao, wakaomba pamoja. Wangeweza kuomba vitisho viondoke, lakini walichoomba ni Bwana yaangalie matisho yao, utupe watumishi wako kunena neno lako kwa ujasiri wote. Paulo naye akiwa kwenye minyororo anawaandikia Waefeso wamwombee, na anachotaka ni apewe usemi, aihubiri siri ya injili kwa ujasiri. Siku hiyo kwenye Ninaomba nilibadilisha ombi langu lote la kazini, nikaacha kuomba yule mtu ahamishwe, nikaomba niwe na kinywa cha kusema kweli kwa heshima.

Haya, kasoro.

Ya kwanza ni mistari ya Biblia iliyokatwa. Yeremia 29:11 imewekwa mara kadhaa, mara zote chini ya vichwa vya ndoto zako ziko karibu, muda wako umefika. Ni mstari mtamu na ni wetu, sikatai, lakini ile ni barua. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli, na mstari wa 10 ulio juu yake tu unasema watakaa huko miaka 70! Sura ya 28 kuna nabii Hanania aliyekuwa anawaambia watu miaka miwili tu mambo yatakuwa safi, na Mungu akamwita mwongo. Na kwenye hiyo barua wanaambiwa wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao, wautakie amani mji ule ule uliowateka na wauombee kwa Bwana. Sasa hebu fikiria mtu ambaye ndoa yake imekwama au anatafuta kazi muda mrefu, ukimpa mstari wa 11 peke yake anasubiri kesho, kesho isipokuja anaona Mungu kamdanganya. Mpe barua nzima, atajua namna ya kuishi huku anasubiri, na atajua kuna bustani ya kupanda leo. Hiyo ndo faraja yenyewe, na imeachwa nje. Wafilipi 4:13 nayo hivo hivo, imewekwa kwenye siku ya kushinda mitihani na mashindano wakati mistari miwili juu yake Paulo anasema amejifunza kuridhika, kushiba na kuona njaa. Ushauri wangu: ukifika kwenye mstari wowote wa hili daftari fungua Biblia yako usome sura nzima kwanza, ndo ujaze.

Ya pili ni sehemu ya majibu. Mwisho wa daftari kuna kurasa za kuandika maombi yaliyojibiwa, safu ya ombi, safu ya tarehe, na safu ya jibu yenye alama ya tiki tu. Wazo lenyewe la kuandika ni zuri sana na ni la zamani, George Müller wa Bristol aliyefariki 1898, yule aliyelea yatima zaidi ya 10,000 bila kwenda kuwaomba watu pesa, alikuwa anaandika maombi yake na namna Mungu alivyojibu, na kumbukumbu zake zimetia imani watu wengi mpaka leo. Lakini tiki! Paulo alimsihi Bwana mara tatu mwiba wa mwilini, yani kile kilichokuwa kinamtesa, umtoke, akajibiwa neema yangu yakutosha. Hilo ni jibu, tena jibu lililomshika maisha yake yote, kwenye hili daftari linaandikwa wapi? Na yule ambaye bado hajajibiwa je, anayeangalia safu yake nyeupe wakati za wenzake kwenye kikundi zimejaa tiki? Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na ndani yake Daudi anauliza hata lini mara nne, yani anamuuliza Mungu uso kwa uso utanisahau mpaka lini, na hiyo imo kwenye Neno la Mungu kama sala halali. Nilitafuta siku moja ya maombolezo kwenye daftari zima, siku ya mtu kusema Bwana imeniuma na sielewi, haipo. Kwa mtu aliyefiwa hili linaweza kumuumiza, na kama unataka kulinunua kama zawadi kwa mfiwa nakushauri subiri kwanza.

Sehemu ya kusudi, zile wiki za mwisho, ni nusu kwa nusu. Wanauliza sana ndoto yako kubwa ni ipi, utaacha alama gani duniani, maswali ambayo mama mwenye watoto watatu na mgonjwa ndani anaweza kuyasoma akajiona hana kusudi. Ila kuna siku moja wametumia Matendo 13:36, kwamba Daudi alilitumikia shauri la Mungu katika kizazi chake kisha akalala, na swali la siku hiyo ni nani yuko karibu na mikono yako sasa hivi? Hapo wamepatia kabisa! Kumwogesha mzee, kufungua duka kwa uaminifu bila kupunja mizani, kumfundisha mtoto wa jirani kusoma, Wakolosai 3 inasema lolote mfanyalo mlifanye kwa moyo kama kwa Bwana, na hayo maneno yalikuwa yanawasemesha watumwa, watu ambao hakuna aliyewauliza ndoto zao.

Mambo ya karatasi kwa kifupi: nzito, wino wa kalamu ya kawaida hautokezi upande wa pili, wa peni nene unatokeza. Linalala wazi vizuri mezani. Mistari imebana, mwenye mwandiko mkubwa atateseka kidogo. Utepe wangu umeanza kuchanika nyuzi lakini bado unashika.

Kama mko kikundi cha maombi kila mtu awe na lake, msishirikiane moja, kwa sababu Hatua inahitaji siri, hakuna mtu ataandika ukweli wake pale akijua dada Fulani atasoma Jumapili. Na kwa waliolitengeneza, kama mnapita huku: ile safu ya tiki itoeni muweke mistari mitatu mitupu mtu aandike alivyojibiwa kwa maneno yake, ongezeni siku za maombolezo hata chache, na chini ya kila mstari wa Biblia andikeni soma sura nzima. Toleo hilo likitoka nitachukua mawili, langu na la yule ndugu yangu.