Creative Pebble au Logitech Z313 kwa michezo ya kompyuta?

Creative Pebble ni spika mbili zenye umbo la tufe zinazopata umeme kwa waya wa USB na kutoa wati 4.4 tu, ilhali Logitech Z313 hutoa wati 25, huja na spika ya besi ya kuweka chini ya meza, na huhitaji soketi ya ukutani. Mlipuko ukitokea mchezoni, utaisikia besi ya Z313 mpaka miguuni. Jirani wa ukuta mmoja naye ataisikia. Hata hivyo, katika michezo ya kufyatuliana risasi, ambamo ni lazima utambue vishindo vya adui vinatoka upande gani, ningechagua Pebble, kwa kuwa uso wake umeinuliwa nyuzi 45 na sauti huelekea masikioni.