Godot kwenye Raspberry Pi: nimeikompaili mwenyewe hapa Michenzani

Kilichonipeleka huku ni bao. Nilitaka bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32 na kete 64, liwe kwenye tivii ya pale barazani kwetu, vijana washike pedi za gemu wajifunze namua na mtaji huku wazee wanawaangalia na kuwakosoa, na nilitaka liendeshwe na kitu kidogo kisichokula umeme. Raspberry Pi 4 ya GB 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ninayo siku nyingi. Enjini, yaani programu ya kutengenezea na kuendeshea gemu, nikachagua Godot kwa sababu haina malipo, leseni yake ni MIT, gemu ukimaliza ni lako huna wa kumgaia asilimia, na sosi kodi (msimbo) yake yote iko wazi tangu 2014 wale Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, walipoiachia watu waitumie.

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki ntaeleza imekwenda wapi.

Niseme mapema nisimpotezee mtu bando lake. Kama una Pi 4 au Pi 5 na unachotaka ni kutengeneza gemu tu, usihangaike kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayowaka. Kuanzia toleo la 4.2 wanatoa faili la ARM (aina ya prosesa iliyomo kwenye Pi) lililo tayari, unalishusha, unalifungua, basi, kazi inaanza. Zamani halikuwepo ndo maana maelekezo mengi ya miaka ile yanakwambia lazima ujikompailie. Mie nilikuwa na sababu zangu, mtoto wa ami yangu yuko Wete, kule Pemba, na yeye alilitaka bao hilohilo, na mtandao wake ni wa simu, kila MB anailipia, kwaiyo nilitaka enjini iliyopunguzwa mpaka ibakie kile tu ambacho bao linahitaji. Hilo hulipati kwenye faili la tayari.

Kuupata msimbo wenyewe ni rahisi ila angalia, ukiandika git clone peke yake inashuka historia nzima ya mradi na hiyo ni mzigo mkubwa. Andika git clone --depth 1 -b 4.2-stable alafu ndo anuani, utashusha toleo hilo tu. Baada ya hapo unahitaji Python, SCons (ndo inayoisimamia kazi ya kukompaili), kompaila ya C++ na zile laiburari za skrini na sauti ambazo maelekezo yao yamezitaja zote kwa majina, unanakili mstari mmoja wa apt install na unabandika. Hapa nawasifu kwa dhati, maelekezo yao ni mazuri, nimefuata hatua kwa hatua sikukwama hata pahala pamoja.

Nilipokwama ni kwenye RAM. Mara ya kwanza kwenye amri ya scons niliandika production=yes kwa kuwa niliona ndo inayopendekezwa kwa kazi ya mwisho, kumbe hiyo inawasha LTO, yaani mwishoni kabisa enjini nzima inaunganishwa na kuchujwa kwa mkupuo mmoja, na kazi hiyo inataka RAM nyingi kuliko GB 4. Masaa yote yale yamekwenda, imefika kwenye kuunganisha, ubao ukaganda. Mara ya pili nikazima LTO ila nikaacha -j4 (mafaili manne yakompailiwe kwa pamoja) na kivinjari kiko wazi, nikaletewa ule ujumbe wa Killed na jina la cc1plus, maana yake Linux imeona RAM imekwisha ikaiua kompaila. Dawa niliyobaki nayo mpaka leo ni hii: lto=none, swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) niliipandisha mpaka GB 2 kwa sababu inayokuja nayo ni ndogo mno, kivinjari kimefungwa, na -j3. Naiwasha baada ya Isha, alfajiri nikiamka faili liko kwenye folda ya bin.

Joto nalo. Pi 4 ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza mwendo yenyewe isiungue, na msimu wa kaskazi chumba changu mchana kinawaka, kwaiyo bila feni utakompaili kwa mwendo wa kobe na hutojua kwanini. Andika vcgencmd measure_temp uone mwenyewe. Feni ndogo ya kubandika juu inatosha. Na chaja isiwe ya simu, ukiona ile alama ya radi ya manjano juu ya skrini ujue umeme unaofika kwenye ubao haukidhi, na kukompaili ndo kunatumia prosesa zote nne kwa wakati mmoja.

Sasa lile ambalo sikuliona likisemwa vya kutosha na ndilo lililonitesa kuliko yote, umeme kukatika. Umeme ulikatika usiku nikiwa nimeshafika kama robo tatu ya kazi. Uliporudi nikaandika amri ileile nikitegemea itaendelea ilipoishia, maana mafaili yaliyokwishakompailiwa yapo nayaona kwa macho yangu, ikaanza mwanzo kabisa, faili la kwanza. Niliumia sana siku ile. Nikakaa nikasoma mpaka nikaelewa: SCons inaweka kumbukumbu ya kila ilichokifanya ndani ya faili lake moja, lakini faili hilo inaliandika inapomaliza au inapozimwa kwa adabu. Umeme ukikatwa ghafla kumbukumbu haikuandikwa, kwaiyo SCons inayakuta mafaili lakini haina habari nayo na haiyaamini, inayafanya tena.

Suluhisho lipo na ni mstari mmoja. Kabla ya kuanza andika export SCONS_CACHE=/home/pi/ghala, hiyo kwa toleo hili la 4.2. Hapo kila faili likishakompailiwa nakala yake inawekwa ghalani palepale, na inawekwa kwa alama ya kilichomo ndani yake, haitegemei ile kumbukumbu ya mwisho. Umeme ukikatika ukirudi unaanza upya kwa jina tu, SCons inafika kwenye faili, inakuta lipo ghalani, inalichukua, inapita, na yale masaa ya jana unayapita kwa dakika. Ghala likae kwenye SSD ya USB sio kwenye memori kadi, Pi 4 ina USB 3 na kukompaili kunaandika na kusoma mafaili madogo maelfu, kadi inachoka mapema. Hii habari ya ghala kwenye maelekezo yao ipo lakini imekaa kama jambo la kukusaidia uharakishe kazi. Kwa mtu wa visiwani hii ndo ya kwanza kabla ya yote, na hapo ndo ile nyota yangu ya tano ilipobakia.

Kwenye kupunguza ndo nilifurahi. Ukishakuwa na gemu lako huhitaji edita, yaani sehemu ya kutengenezea, iende kwa mchezaji, unakompaili templeti tu, yaani enjini ya kuendeshea gemu peke yake: scons platform=linuxbsd target=template_release arch=arm64, alafu unaongeza unavyovikataa. Bao halina pande tatu, nikaweka disable_3d=yes. Nikaweka optimize=size. Nikaona kuna moduli ya maandishi ya hali ya juu ni nzito, nikaizima nikawasha ile nyepesi, module_text_server_adv_enabled=no na module_text_server_fb_enabled=yes, faili likashuka chini ya nusu ya lile la tayari, alhamdulillah nikaona nimeshinda.

Kumbe majina ya wachezaji mie niliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu wazee wetu wale wamesoma chuoni na Kiswahili cha herufi hizo ndo wanachokisoma haraka. Nikafungua gemu nakuta kila herufi imesimama peke yake, hazikushikana, na mstari umegeuka unakwenda kushoto kwenda kulia. Halisomeki. Ile moduli nzito ndo yenye kazi ya kuunganisha herufi na kugeuza mwelekeo wa mstari, ile nyepesi haijui hayo. Nikairudisha, faili likanenepa kidogo, na sijutii. Kwaiyo kama gemu lako ni la herufi za kawaida tu izime, kama una Kiarabu ndani yake iache, msidanganyike na udogo wa faili.

Na kwenye Pi 4 usiiache Godot ichague yenyewe namna ya kuchora, mradi uweke kwenye Compatibility, ile namna nyepesi. Forward+, ile nzito, kwenye ubao huu inakokota hata menyu. Kwa Compatibility bao langu linakwenda laini kabisa, kete zikisambaa shimo kwa shimo huoni kuruka.

Wete ilikuwa habari nyengine. Mtoto wa ami ana Pi 3 ya GB 1, na chipu ya picha ya Pi 3 inaishia OpenGL ES 2 (kiwango cha kuchora picha), wakati Godot 4 hata kwenye Compatibility inataka ES 3. Haifunguki, na hakuna swichi ya kuilazimisha. Ikabidi nirudi Godot 3 ambayo bado inayo GLES2, yaani hiyo ES 2, na kule amri ni tofauti, platform=x11 tools=no target=release. Kukompaili nimekompaili kwenye Pi 4 yangu, sote tuna mfumo uleule wa Raspberry Pi OS wa biti 64, faili likakubali kule bila neno. Kazi ilikuwa ni gemu, maana lugha ya GDScript ilibadilika, palipokuwa na await kule ni yield, nimeandika upya karibu theluthi. Na Godot 3 haiunganishi herufi za Kiarabu kabisa, kwaiyo Wete majina yamebakia ya herufi za kirumi. Hilo bado linanikereketa.

Templeti nilimtumia kwa simu mara moja tu. Gemu lenyewe, yaani picha na sauti na msimbo wangu, linakaa kwenye faili lake la pembeni la .pck na kwangu halifiki hata MB 3. Wiki ya kwanza babu yake kaniletea salamu kwamba kete zinasambazwa haraka mno, mtu hawezi kuzihesabu kwa macho kama kwenye bao la mbao, na sauti ya kete ikigonga shimo haisikiki vizuri. Nikapunguza mwendo, nikaenda kurikodi kete za komwe kwenye bao la jirani yetu hapa, shimo lenye kete moja na shimo lenye kete nyingi zinalia tofauti, nikatuma .pck peke yake. Jioni ile akanirikodia sauti barazani Wete, nasikia kete zinagonga na mzee anahesabu nazo mpaka adhana ya Magharibi.