Nora au Jane Eyre: nani amejikomboa zaidi?
Wote wawili wanamwacha mwanamume, lakini tofauti yao iko mfukoni.

Nora, mhusika mkuu wa tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House (1879), alighushi saini ya baba yake ili akope fedha za matibabu ya mumewe, kwani mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume. Deni alililipa kwa siri, akijinyima nguo na kunakili maandishi usiku. Siri inapofichuka, mume anajali heshima yake tu. Nora anarudisha pete, anaacha funguo na watoto watatu, mlango unafungwa kwa kishindo. Hana hata akiba. Kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani, Ibsen alilazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora habanduki, na tamthilia ikapoteza uti wa mgongo.

Jane, mhusika mkuu wa riwaya ya Charlotte Brontë, Jane Eyre (1847), naye anaondoka mikono mitupu, analala nje. Kisha anarithi pauni 20,000, anazigawa kwa wanne, yeye akiwemo, 5,000 kila mmoja, ndipo anamrudia Rochester, mwanamume aliyemwacha, kwa hiari.

Nampa Nora ushindi. Jane aliokolewa na mali ya ami yake, na kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, fedha za mke zilikuwa za mume mara tu baada ya ndoa, isipokuwa ziwekwe chini ya wadhamini.