Kozi ya msamaha wa rais wa Marekani: mwalimu yuko vizuri, maandishi ya chini ya video ndio balaa

Nimeimaliza juzi usiku hii kozi, video 7, zote zinahusu kitu kimoja tu, rais wa Marekani anaweza kumsamehe nani na anaishia wapi. Niliingia kwa sababu ya mabishano, maana kila Trump au Biden akitoa msamaha kuna mtu kwenye grupu letu lazima aseme rais wa kule anafuta kesi yoyote akijisikia, mwingine anabisha ila hana cha kuonyesha, sa mimi nikasema ngoja nilipie nijue moja.

Mwalimu anaijua kazi yake, hilo nampa bila ubishi. Somo la kwanza lote kakaa na sentensi moja ya Katiba yao, Ibara ya 2 kifungu cha 2, na ukiitega sikio vizuri mipaka miwili imo humo humo: rais anasamehe makosa dhidi ya Marekani, yani ya serikali kuu, na hagusi pale Bunge linapomshtaki kiongozi ili limng'oe madarakani. Basi, hamna kingine. Mengine mahakama ndio zimekuja kuyachimba kesi moja moja, na hapo ndo utamu wa kozi ulipo.

Mfano Grossman. Alikuwa anauza pombe Chicago enzi zile imepigwa marufuku, mahakama ikamwamuru aache, hakuacha, akala mwaka mmoja jela na faini ya dola 1,000 kwa kudharau mahakama. Rais Coolidge akamfutia jela akabakiza faini. Mahakama ya Chicago ikagoma, ikamrudisha ndani, eti kuidharau mahakama ni ugomvi wa mahakama yenyewe rais haumhusu. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ikasema unamhusu, na aliyeandika hukumu ni Taft ambaye mwenyewe alishakuwa rais, kwa hiyo refa alishawahi kuchezea timu moja hapo 😂. Mwalimu anaisimulia taratibu mpaka unamuona jamaa anatolewa getini anarudishwa getini.

Kesi ya Knote sikuwa naijua kabisa. Mali zake zilitaifishwa akihesabiwa muasi wakati wa vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, zikauzwa, hela ikaingia hazina. Krismasi ya 1868 Rais Johnson akawasamehe waasi wote, Knote akasema vizuri, sasa naomba hela yangu. Mwaka 1877 mahakama ikamwambia kusamehewa umesamehewa, ila hela ikishaingia hazina haitoki mpaka Bunge lipitishe sheria. Hii kesi moja tu imenirudishia hela niliyolipa, maana huwa tunabishana kuhusu jela tu, hakuna anayefikiria pochi.

Na kumbe msamaha unakataliwa! Burdick alikuwa mhariri wa New York Tribune, wanataka aseme habari fulani kazitoa wapi, akajikinga na haki ya kutojitia hatiani, Rais Wilson akamwandikia msamaha ili ile kinga ife. Mhariri akaukataa, na mwaka 1915 mahakama ikamuunga mkono, ikaongeza kwamba kuupokea ni kama kukiri. Rais Ford alipomsamehe Nixon, rais aliyemtangulia, 1974 akawa anatembea na kipande cha hukumu hiyo kwenye waleti, watu wakimsema anakitoa. Hapo hapo mwalimu anaonyesha mpaka mwingine, msamaha wa Nixon umeandikwa tarehe kabisa, kuanzia 20 Januari 1969 hadi 9 Agosti 1974, hata kushtakiwa alikuwa bado. Hiyo inaruhusiwa tangu kesi ya Garland ya 1866, ilimradi kosa lenyewe liwe limeshafanyika. La kesho huwezi kusamehewa leo.

Sasa nije kwenye kilichonikera. Kozi inauzwa kwamba ina maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya video, na mimi Kiingereza changu ni cha kuunga unga ndo maana nikaichagua. Somo la 3 dakika ya 14 mwalimu anasema kwa mdomo wake rais hana uwezo juu ya makosa ya jimbo, chini pameandikwa "rais hawezi kusamehe makosa ya serikali". Kha! Ya serikali kuu ndo hayo hayo pekee anayoyaweza! Nilirudisha nyuma mara 3 nikidhani macho yangu. Mtu anayesoma tu bila kusikiliza anatoka hapo na kitu kilichopinduliwa miguu juu, na huu ndo mpaka muhimu kuliko yote, angalia Tina Peters, aliyekuwa karani wa kaunti jimbo la Colorado, Disemba 2025 Trump katangaza kamsamehe wakati kifungo chake ni cha mahakama ya jimbo, na viongozi wa Colorado wakasema wazi rais hana mamlaka hayo (kozi ilirekodiwa kabla, hili siwalaumu).

Halafu neno "msamaha" wamelipaka kila mahali. Kusamehewa kosa, kupunguziwa adhabu huku hatia inabaki, na kusogezewa mbele siku ya adhabu ni vitu vitatu tofauti, wao vyote "msamaha". Ndo maana Grossman kwenye maandishi anaonekana kasamehewa na bado anadaiwa faini, unajiuliza msamaha gani huo wa nusu nusu. Na ile ya Bunge kumshtaki rais wameiita kura ya kutokuwa na imani, sijui nani kawaambia.

Somo la 6 ndo nilikuwa nalisubiri, rais anaweza kujisamehe mwenyewe? Nikalisikiliza lote, dakika 38, nyingi ni vipande vya wanasiasa wanapigiana kelele kwenye tivii. Ule waraka wa Wizara ya Sheria wa 5 Agosti 1974, siku 4 kabla Nixon hajaondoka, unaosema hamna mtu wa kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe kwa hiyo rais hawezi, ameutaja kwa sekunde kama 20 hivi. Na haukuishia hapo, unasema rais akijiweka pembeni kwa muda kwa Marekebisho ya 25 ya Katiba, makamu anayekaimu anaweza kumsamehe, halafu bosi anarudi kitini. Kitu kama hicho unakirukaje?? Nimekisoma mwenyewe baadaye. Angalau alisema ukweli kwamba hakuna mahakama iliyowahi kuamua.

Somo la 7 ni siasa tupu, ruka.

Nyota 3 na nusu. Kama Kiingereza kinapanda chukua hata leo, zima maandishi uendelee, kwako ni ya nyota 4 na nusu. Kama unategemea kusoma, bado kwanza. Niliwaandikia kuhusu lile neno wiki mbili zilizopita, wakajibu asante kwa maoni yako na kaua kadogo mwishoni. Nimecheki tena asubuhi hii, dakika ya 14 bado ni "serikali".