Dovo Best Quality 5/8: wembe mzuri wa kuanzia, ila usiununue peke yake

Anayetaka kuachana na nyembe za kutupa na kujifunza wembe wa kukunja hatajuta akianza na Dovo Best Quality wa 5/8. Unatoka Solingen, Ujerumani, mji wa visu ambao jina lake linalindwa kisheria, na Dovo wamo katika kazi hii tangu 1906. Hiyo 5/8 ni upana wa bapa kwa inchi, karibu milimita 16. Unabeba povu la kutosha, na bado unapita chini ya pua bila taabu. Chukua wenye ncha ya mviringo, maana ncha ya pembe hutoboa ngozi mkono ukiteleza kidogo tu. Mpini ni plastiki nyeusi, si wa kujivunia, lakini haufuri kwa maji.

Bajeti yako iwe na mkanda wa ngozi wa kunolea, wenye kitambaa upande wa pili. Wembe mpya wa kampuni yoyote usiudhanie uko tayari. Muulize muuzaji kama umepitishwa kwenye jiwe laini la kunolea, la namba 8000 au 12000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi). Wembe ukivuta ndevu badala ya kuzikata, mpe fundi anayejua nyembe. Fundi wa visu vya jikoni atauharibu, kwa sababu wembe huu hunolewa ukiwa umelala kabisa, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja.

Kila mara kabla ya kunyoa, upitishe kwenye mkanda: mara 20 upande wa kitambaa, 40 upande wa ngozi. Mgongo ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, geuza wembe juu ya mgongo wake bila kuuinua. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata mkanda, kwa kugeuzia makali au kuuachia mkanda ulegee. Mkanda uliolegea hupinda makali, na asubuhi hiyo hiyo utayasikia shavuni.

Lainisha ndevu kwa taulo la maji moto dakika tatu, kisha paka povu zito kwa brashi. Vidole vitatu juu ya shingo ya wembe, kati ya bapa na mpini, kidole kidogo kwenye mkia, ile ncha ya chuma iliyopinda nyuma, gumba chini. Mgongo usimame mbali na ngozi kiasi cha unene wake mara mbili hivi, yaani karibu nyuzi 30. Kata kwa mikupuo ya sentimita mbili au tatu, kuelekea ndevu zinakolalia, na kamwe usiusogeze kwa urefu wake kama unayekata mkate. Bapa hili ni jembamba sana karibu na makali, kwa hiyo linasema: ndevu zikikatika vizuri unasikia mlio mkavu, safi. Mlio ukigeuka wa kukwaruza, umeinua mgongo mno. Wiki ya kwanza nyoa mashavu tu. Kidevu na mdomo wa juu malizia na wembe uliouzoea.

Wenye ndevu za kipilipili wasikilize hapa. Vipele vya shingoni hutokea unywele ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, kisha ukajikunja na kuchoma nyama unapoota. Wembe huu unaweza kukata chini hivyo ukiivuta ngozi kupita kiasi au ukinyoa kinyume cha ndevu. Nyosha ngozi kidogo tu isikunjike, pita mara moja, uridhike na kivuli kinachobaki. Suuza kwa maji baridi, kisha pitisha shabu.

Wembe ni wako peke yako. Kinyozi anayehudumia wateja atumie kishikio cha kubadilisha kiwembe, kipya kwa kila kichwa.

Chuma chake ni cha kaboni, kinashika kutu upesi, na hewa ya Mombasa au Tanga haikihurumii. Futa kuanzia mgongoni kuelekea makali, kausha hadi ndani ya mpini, paka tone la mafuta ya cherehani, na usiulaze bafuni.